Marahaba Iliyokuja Kabla ya Shikamoo

"Marahaba, baba."

Watu wote sebuleni wakageuka.

Mzee Ulimboka ndiyo kwanza alikuwa anatoka chumbani, amevaa koti lake la kahawia, lile la Krismasi na la misibani. Hajafungua mdomo. Hajamsalimia mtu. Na mbele yake amesimama kijana aliyekuja kumchumbia binti yake, anaitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa.

"Umesemaje?" aliuliza mzee.

Leshan alitabasamu. Akasogea hatua moja, akainamisha kichwa mpaka kikawa karibu na kifua cha mzee, akakiacha hapo kana kwamba anasubiri kitu. Kisha akarudia, taratibu, kwa sauti safi kabisa:

"Marahaba."

Tumwagile alikuwa amesimama na mama yake kwenye mlango wa jikoni, ameshika sahani ya maandazi. Miaka miwili amempenda mwanaume huyu. Miezi minane amembembeleza baba yake akubali siku hii. Na siku imefika, imeharibika kabla hata mgeni hajakaa.

"Valentino," mzee alimwita mshenga bila kuondoa macho kwa Leshan. "Huyu ndiye uliyeniambia ana adabu?"

"Mzee wangu, ulimi hauna mfupa," Valentino alicheka peke yake. "Huu ni woga wa ukweni tu. Hata mimi siku ya kwanza kwa wakwe zangu nilimwita mama mkwe 'bwana mwenyekiti'. Leshan, hebu msalimie baba vizuri."

"Nimemsalimia," Leshan alijibu. Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Nimemsalimia mara mbili. Mnataka mara ngapi?"

"Aa, basi," mzee alitikisa kichwa. "Kumbe leo mimi ndiye mdogo. Miaka sitini na nane, nimekuwa mdogo wa mtoto wa juzi. Nikuamkie? Nipige na magoti?"

"Baba Tumwa, taratibu," Mama Domina, mkewe, alinong'ona. "Ni wageni hao."

"Mgeni huingia na heshima yake, Mama Tumwa. Mwaka juzi ng'ombe wa watu hawa waliingia shambani kwangu, wakala mahindi mpaka mabua. Nikameza. Mwanao akaniambia moyo wake uko kwa Mmaasai. Nikameza. Hili la leo limekwama hapa." Akajigusa kooni. "Valentino, chukua barua yenu ya posa. Nyumba hii haina binti wa kuozesha."

Mlango wa chumbani ukafungwa kwa kishindo.

Tumwagile alimkuta Leshan nje, kwenye pikipiki. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinahangaika na mkanda wa kofia ngumu, vinaukosa, vinarudi tena. Aliviona. Lakini hasira haina macho.

"Umelewa?"

"Sijalewa."

"Niangalie. Umekunywa nini?"

"Chai. Nimekunywa chai kwa Valentino. Tumwa, kwani nimefanya nini?"

"Unaniuliza mimi? Umemwambia baba yangu marahaba!"

"Nimemwambia..." Leshan alisita. Midomo ikacheza bila sauti. "Nimemwambia ile. Ile ya wakubwa."

"Ipi?"

"Ile!" Akapiga tangi la pikipiki kwa kiganja. "Mbona mnanisumbua wote?"

Tumwagile alirudi nyuma. Huyu ni Leshan, bwana mifugo ambaye humdunga ng'ombe sindano huku akimwomba radhi. Hajawahi kumpandishia sauti hata siku moja.

"Tumemalizana, Leshan. Unanidhalilisha kwetu, halafu unanifokea. Usinipigie simu. Mlevi mkubwa wewe!"

Valentino, aliyekuwa anafungua mlango wa gari lake, alijifanya anaangalia tairi.

* * *

Jumapili Tumwagile alirudi Mikumi, ambako alikuwa anafundisha darasa la awali. Simu za Leshan hakuzipokea. Ujumbe aliusoma, maana kusoma si kujibu.

Jumatatu: "Nisamehe mpenzi. Sijui nimekosea wapi lakini nisamehe."

Jumanne: "Nimekula gari la asubuhi. Nitakupitia na ugali twende Kilosa kwa baba."

Aliusoma mara tatu. Mtu amekula gari? Atanipitia na ugali? Akatikisa kichwa, akasema moyoni, huyu bado anakunywa.

Jumatano: "Mama shikamoo. Kichwa. Kichwa mvua."

Hapo alichemka. "Mama? Mimi ni mama yake?" Akaandika: "Ukilevuka ndipo unitafute."

Alhamisi hakikuja kitu. Alijiambia anafurahi. Mchana ule aliitazama simu kila baada ya dakika tano kuhakikisha kwamba anafurahi.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, simu iliita. Ilikuwa namba ya Mama Naipanoi, mama yake Leshan, aliyekuwa anaishi bomani kwao huko mbugani upande wa Kilosa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko shule?"

"Nipo mama, ni mapumziko."

"Nisikilize taratibu, Kiswahili changu unakijua. Mmegombana na Leshan?"

"Tumegombana, mama. Alimvunjia baba yangu heshima."

"Amefanya nini?"

"Alimwambia marahaba kabla hajasalimiwa. Akaulizwa, akarudia. Na kichwa ameinamisha kama..."

"Ngoja. Kichwa amefanya nini?"

"Aliinamisha. Alimsogezea baba kifuani."

Kwenye simu kukawa na upepo tu, na kengele ya ng'ombe mahali fulani kwa mbali.

"Mama, upo?"

"Nipo. Na hapa amefanya hivyo. Juzi ameletwa na Saitabau. Amefika mlangoni, ameniletea kichwa. Nimegusa, nimecheka, nimesema ananitania mama yake. Kisha amepeleka kichwa kwa baba zake wadogo. Kisha kwa Saitabau, rika lake mwenyewe! Wanaume hawajacheka."

"Lakini mama, si ndiyo heshima yenu? Nimewaona watoto wakileta kichwa, mkubwa anawagusa."

"Watoto. Umesema mwenyewe. Kwetu hapa mwanaume akishatahiriwa ameacha hiyo, anatoa mkono. Leshan ameacha miaka kumi na nne sasa." Sauti ya mama ikashuka. "Mwanangu, mtu akitaka kudharau, hatumii salamu ya mtoto. Leshan amerudi nyuma. Kuna kitu kinamrudisha nyuma."

Tumwagile alibaki ameshika simu sikioni hata baada ya kukatika. Uwanjani watoto wake walikuwa wanakimbizana. Kila Januari, wanapoanza shule, humpokea mlangoni kwa furaha kubwa: "Marahaba, mwalimu!" Humpigia kelele hiyo darasa zima. Na yeye hajawahi hata mara moja kukasirika. Huwaambia, "Hapana, anzeni na ile nyingine," nao hucheka, wakaanza upya. Neno lao huwa limekosewa. Heshima yao haijakosewa.

Akapiga simu kwa Saitabau, binamu yake Leshan, mlinzi wa loji pale pale Mikumi. Yeye na Leshan walikuwa wamepanga vyumba jirani.

"Saitabau, Leshan amewahi kuumia kichwa?"

"Kuumia? Hapana, shemeji. Labda ile ya josho."

"Josho gani?"

"La Malolo. Wiki ya tano sasa. Dume lilimbamiza kwenye nguzo wakati anachanja. Alizimia kidogo, kama mtu kuhesabu mpaka kumi. Akaamka, akajifuta vumbi, akamaliza ng'ombe wote. Hata damu haikutoka."

"Na hamkuniambia!"

"Alisema ukijua utamkataza kwenda Malolo."

"Yuko wapi sasa?"

"Ndani. Tangu jana amelala tu. Nikimwamsha ananijibu kwa Kimaasai, na cha kitoto."

"Nakuja. Tafuta gari."

Alimkuta Leshan amekaa kitandani, amevaa kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia. Alipomwona, macho yake yalijaa maji.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Kichwa mvua, Tumwa. Mvua."

Tumwagile alipiga magoti, akaanza kumvua kile kiatu. "Mvua... kinagonga? Kama mvua juu ya bati?"

"Ndiyo!" Leshan alimshika bega kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, kama mtu aliyefunguliwa mlango. "Ndiyo. Bati. Ndani."

* * *

Dokta Angela wa hospitali ya Mikumi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye haraka, lakini alipoanza kumpima Leshan haraka yote iliisha.

"Bwana Leshan, nyosha mikono yote miwili mbele. Hivyo. Sasa fumba macho."

Mkono wa kushoto ulibaki pale pale. Wa kulia ulianza kushuka, polepole, mwenyewe hana habari.

"Fumbua. Hiki ni nini?" Alimwonyesha kalamu.

"Kijiko."

"Una uhakika?"

"Ndiyo. Hapana. Cha kuandikia."

"Vizuri sana. Kinaitwaje?"

Leshan aliitazama kalamu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Kijiko," alisema, na alijua amekosea, na hilo ndilo lililomuuma.

Dokta aligeuka. "Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Mimi binamu yake," Saitabau alisema.

"Na wewe, dada?"

"Mimi ni..." Tumwagile alimtazama Leshan. Jumamosi alisema tumemalizana. "Mimi ni mchumba wake."

"Sasa sikilizeni. Fuvu ni kama sufuria ambayo mfuniko wake haufunguki. Damu ikivuja ndani, hata kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, haina pa kwenda. Inaubana ubongo. Kwa huyu nahisi imebana kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko yaliko mambo ya maneno. Ndiyo maana mkono wa kulia nao unashuka."

"Dokta, alimwambia baba yangu marahaba badala ya shikamoo. Alikuwa anajua?"

"Huenda kichwani kwake alisema sawasawa. Maneno yanayokaa jirani ndiyo yanayochanganyika. Anabisha hodi kwa shikamoo, anatoka marahaba."

"Na hasira? Hakuwa mtu wa hasira."

"Na wewe ungebanwa hivyo kichwani, usieleweke, watu wakuite mjinga, ungecheka?"

Tumwagile aliinama. Hakuna aliyemwita mjinga. Alikuwa ameitwa mlevi.

"Atapona?"

"Ikiwa ni damu na tukiwahi, wengi hupona vizuri sana. Tukichelewa siwaahidi kitu. Anaondoka sasa hivi kwenda Morogoro kupigwa picha ya kichwa. Wakiona ninachokihofia, wanampeleka Dar es Salaam."

Ndani ya gari la wagonjwa, Tumwagile akiwa ameshika mkono ule wa kulia, simu iliita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia king'ora. Uko wapi?"

"Kwenye gari la wagonjwa, baba. Nampeleka Leshan Morogoro."

"Leshan yupi? Yule niliyemfukuza?"

"Huyo huyo."

"Shuka."

"Sishuki, baba."

"Tumwagile! Ukienda na mtu huyo, mimi katika mambo yako ya ndoa usinihesabu tena."

"Sawa baba, usihesabiwe. Lakini hakukudharau. Aligongwa na dume, damu imembana ubongo upande wa maneno. Ukimwonyesha kalamu anasema kijiko. Anashika neno la jirani. Anaweza kutaka kusema njoo akasema nenda!"

King'ora kiliendelea kulia.

"Baba?"

Alisikia pumzi tu. Kisha simu ikakatika. Tumwagile aliitia simu mkobani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Leshan alimtazama, akaonekana anatafuta neno la kumpa. Hakulipata. Akamfinya kidole.

* * *

Picha ilionyesha damu, tena nyingi. Asubuhi ya Jumamosi walikuwa Dar es Salaam, Leshan amenyolewa kichwa kizima, anasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji saa nane mchana. Saitabau alikwenda kutafuta chai. Tumwagile alikuwa kwenye benchi la korido alipoliona koti la kahawia.

Aliinuka. "Baba? Mama?"

"Saitabau ametuambia mko huku, tumekuja na treni," Mama Domina alisema, akamkumbatia. "Kutoka Kilosa mpaka hapa baba yako hajasema neno. Hata hiyo treni ya umeme hakuisema vibaya, na wewe unamjua na reli yake ya zamani. Nikajua leo kuna jambo."

Mzee Ulimboka alikaa kwenye benchi. Alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Unamkumbuka Baba Mdogo Yassin?"

"Wa stesheni? Nakumbuka. Nilikuwa darasa la tano alipofariki."

"Tulifanya kazi pamoja relini miaka ishirini. Alipopata kiharusi nilikwenda kumwona. Ile kuingia tu, akaniambia, 'Toka.' Nikadhani sijasikia. 'Toka, toka.' Ananikazia macho, anapiga godoro kwa mkono, 'Toka!' Nilikwenda siku ya pili, ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne sikwenda. Nikasema Yassin amenichoka. Baada ya miezi miwili tukamzika."

"Baba..."

"Ngoja nimalize. Jana umeniambia mtu anaweza kutaka kusema njoo akasema nenda. Nilikaa kwenye kiti mpaka mama yako akaja kunishika bega." Aliacha kuizungusha kofia. "Tumwa, alikuwa anapiga godoro. Mtu anayekufukuza hapigi godoro. Yassin alikuwa ananionyesha pa kukaa."

Mama Domina alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Tumwagile akakaa karibu na baba yake, bega kwa bega.

"Huyu wako yuko wapi?" mzee aliuliza mwishowe. "Huyu nisimkimbie."

Waliingia. Leshan alikuwa ameegemezwa mito, macho mazito. Alipomwona mzee alijitahidi kukaa wima. Uso ulijaa hofu, hofu ya mtu anayejua ana deni la salamu na hajui ataipata wapi.

"Marahaba, baba," alisema.

Muuguzi aliyekuwa anapanga dawa aligeuka kwa mshangao.

Mzee Ulimboka alisogea mpaka kando ya kitanda.

"Shikamoo, mwanangu," alijibu.

Salamu ikawa imekamilika, kichwa chini miguu juu, lakini imekamilika. Leshan alikunja uso, kama anayesikia wimbo anaoujua ukiimbwa na mtu mwingine. Kisha akainamisha kichwa chake kilichonyolewa. Na mzee, mkulima ambaye mahindi yake yaliliwa mpaka mabua, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo muda mrefu.

"Nenda katengenezwe," alisema. "Tutakusubiri hapo nje. Hatuondoki."

Hawakuondoka. Kwa muda wa saa mbili na nusu walikaa pale. Mama Naipanoi alikuwa anapiga simu kila robo saa, na ni Mzee Ulimboka aliyekuwa anapokea.

"Bado, mama yangu. Bado. Wewe usichoke kupiga, sisi hatuchoki kupokea."

Daktari wa upasuaji alipotoka, alikuwa anavua kofia yake ya kijani na mdomo wake unaelekea kucheka.

"Tumetoboa matundu mawili madogo. Damu ilikuwa ya siku nyingi, nyeusi kama oili chafu ya gari. Imetoka yote, na ubongo umeanza kurudi mahali pake wakati tunautazama. Mmefanya vizuri kumwahisha. Wiki nyingine moja, sijui."

Mama Domina alipiga kigelegele katikati ya korido ya hospitali. Mlinzi alikuja mbio. Alipoelezwa, akasema, "Sawa mama, lakini kingine kapige nje."

Na Mzee Ulimboka, simu sikioni, alikuwa anarudia neno moja tu kama mtoto: "Imetoka, mama. Imetoka. Imetoka yote."

* * *

Siku ya sita Leshan alikuwa anatembea mwenyewe. Kalamu ilikuwa kalamu, na muuguzi alikuwa Dada Neema, na asubuhi ile alikuwa amewapigia simu watu saba na kuwasalimia kila mmoja kwa salamu yake. Wazee walikuwa wamerudi Kilosa. Yeye na Tumwagile walikaa kwenye benchi nje ya wodi, wanaota jua.

"Valentino amenipigia," Leshan alisema. "Ananiuliza ile barua airudishe lini. Nikamwambia airudishe kutoka wapi, si iko kwa baba? Akababaika, akasema mtandao unasumbua."

Tumwagile alisogea karibu naye.

"Siku ile ya kwetu," aliuliza taratibu, "unakumbuka nini?"

"Tunatoka Mikumi. Zile kona kabla ya kuingia Kilosa. Halafu nakumbuka wewe unanivua kiatu. Katikati hakuna kitu. Saitabau ameniambia nilikosea salamu na mzee akakasirika kidogo. Tukaachana vizuri?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia yote. Mama Domina, kabla ya kupanda treni, alimvuta binti yake pembeni: "Mshukuru Mungu amesahau. Usifukue." Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, "vizuri", na siku ile ingebaki imezikwa milele.

"Hatukuachana vizuri, Leshan. Nilikuacha."

"Uliniacha ukaenda wapi?"

"Nilikuacha wewe. Nilisema tumemalizana. Ulikuwa unahangaika na mkanda wa kofia, mkono umekataa, na mimi niliuona, nikakuita mlevi. Mlevi mkubwa. Mbele ya Valentino. Ukaniandikia siku tatu, ya tatu ukasema kichwa, nikakujibu ulevuke kwanza."

Leshan aliangalia viganja vyake.

"Mbele ya Valentino?"

"Mbele ya Valentino."

"Mlevi mkubwa?"

"Mkubwa."

"Mimi? Ambaye togwa ikikaa siku mbili nasema imenizidi nguvu?"

Kicheko kilimtoka Tumwagile pamoja na machozi. "Usinichekeshe. Nikasirikie. Ni haki yako."

"Nataka, lakini nimkasirikie nani? Siku yenyewe sina." Alivuta pumzi. "Ila inauma, Tumwa. Nisikudanganye. Inauma kusikia kwamba nilikuwa naita, na wewe uliye karibu kuliko wote hukusikia."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe kabla hujamaliza kusema. Ulichelewa, lakini ulikuja. Wengine hawaji." Aligeuka, akamtazama. "Ila niahidi kitu. Daktari anasema nikichoka maneno yanaweza kunipotea tena kidogo, kwa miezi kadhaa. Na hata yasipopotea sasa, tutazeeka. Yatapotea, kwangu au kwako. Siku hiyo usiniulize nimelewa. Niulize nataka kusema nini. Halafu subiri."

"Nitakuuliza. Nitasubiri."

"Niulize sasa."

"Unataka kusema nini?"

Leshan alifungua mdomo, akaufunga. Sekunde zikapita. Tumwagile alianza kuogopa, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mkono wa kulia wa Leshan, ule uliokuwa unashuka. Mkono ule ukamkamata imara.

"Nataka kukuoa," Leshan alisema. "Mwezi wa nane, kabla mvua hazijaanza na mzee hajaingia shambani. Nimekosea neno?"

"Hujakosea."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi jibu, mama. Mbona umenyamaza? Na wewe yamekukimbia?"

Yalikuwa yamemkimbia kweli. Yote, aliyojifunza shuleni na ya nyumbani kwao. Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, mara tatu, na Leshan akasubiri mpaka alipomaliza.